Shingo ya Kororo

Shuleni kwa Masista,
Ifakara,
12 Februari 1956

Kaka yangu mpendwa Fulgensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. U mzima huko kambini? Mimi sijambo, ila mafua hayajaniacha. Mvua zimeanza na bweni letu linavuja upande wa kitanda changu, basi nalala nimejikunja kama paka.

Kaka, jana Baba alinifikia hapa shuleni akitoka huko kwenu. Nilipomwona kwenye benchi, kofia magotini, nilifurahi nikidhani ameleta habari njema. Nikamwuliza, "Shikamoo Baba. Wamekubali?" Akasema, "Keti kwanza."

Najua wewe ulibaki kambini, maana mchumba haketi na wazee wakimposea. Baba aliondoka bila kupita kwako kwa sababu hakujua akuambie nini. Ameniachia mimi nikuandikie.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Baba yake Justa, Mzee Leodegar, alikuwa anacheka, akimwita Baba "mkwe wangu" hata kabla ya wakati. Mama yake Justa akaleta maji ya kunawa. Ndipo Baba, kama mgeni mwenye adabu, akasema mapema ili wenyeji wasije wakaaibika: "Ndugu zangu, mimi nakula kila kitu mtakachoniwekea, isipokuwa kororo, yule kanga wa msituni. Ukoo wetu hauli kororo."

Mzee Leodegar akaliweka bakuli la maji chini. Akasema, "Na sisi hatuli."

Wewe unajua kaka: wenye mwiko mmoja ni watoto wa nyumba moja, hata kama wamesahauliana, nao hawaoani. Mama yake Justa akaurudisha wali jikoni, na Baba akaondoka na njaa yake.

Nilimwuliza kama jambo limekwisha. Akasema, "Kororo ni kororo," akavaa kofia.

Nakuomba usifanye neno lolote kwa hasira. Niandikie.

Mdogo wako,
Digna

*

Kambi ya Mbao,
karibu na Kiberege,
20 Februari 1956

Mdogo wangu Digna,

Marahaba. Mwili wangu mzima, mengine usiulize. Pole kwa mafua. Mwombe Sista akuhamishe kitanda.

Barua yako niliipokea kwa dereva wa lori la mbao, nikaisoma nimesimama. Nikaisoma tena ndani ya shimo la kupasulia, na mwenzangu Donati, anayeshika msumeno upande wa juu, akapiga kelele, "We Fulgensi, unasali au unafanya kazi?" Nilipomweleza alicheka mpaka akashika gogo. "Mimi mwiko wangu ni njaa," akasema. "Nipe huyo kororo na ugali, nitawaozesha jioni hii hii."

Mimi sicheki. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Padre nimemwendea, yeye haoni kizuizi. Lakini Justa hatatoka kwao bila neno la baba yake, nami sitaki mke wa kuiba. Nilimkuta kisimani. Hakuniita jina. Alisema tu, "Tukiwa ndugu itakuwaje?" Nikasema sisi si ndugu. Akasema, "Unajuaje?" akajitwika ndoo akaenda.

Na ndege wenyewe wananizomea! Kila asubuhi kundi lao linapita kando ya shimo letu wakichakura majani makavu. Kishungi kichwani kama nywele za mtoto aliyekimbia kitana, madoa ya samawati mwili mzima mpaka juu shingoni, na koo jekundu kama wamekunywa damu. Nawarushia maganda ya miti. Wanasogea kidogo, wanaendelea.

Kuna mtu anayeandikisha vibarua wa mkonge wa Tanga. Masika yakipita na jambo hili halijakaa sawa, nitakwenda naye. Siwezi kukaa mahali ninapomwona Justa kila siku nikimwamkia kama mpita njia.

Kaka yako,
Fulgensi

*

Ifakara,
4 Machi 1956

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hujasaini kwa mtu yeyote wa mkonge. Mafua yamekwisha. Wasichana wote hawajambo, isipokuwa Rosa aliyeanguka kwenye tope akiwa na sare safi.

Kaka, umesema koo jekundu? Na madoa mpaka juu shingoni? Niliposoma hapo nilisimama katikati ya saa ya kimya, nikaadhibiwa kufagia kanisa.

Wewe hukuwapo siku ile kororo aliponaswa kwenye uzio wa shamba letu la mihogo. Baba aliniambia nimshike naye akikata kamba, ili aende zake salama. Moyo wake ulipiga viganjani mwangu. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri: kishungi ni hicho hicho, madoa ni hayo hayo, lakini shingo yake ilikuwa na ukanda mpana wa manyoya meusi bila doa hata moja, kama amefungwa kitambaa cha msiba. Na koo halikuwa jekundu hata kidogo. Lilikuwa la samawati iliyofifia.

Kororo wa kwetu, ng'ambo ya mto chini ya milima ya Mahenge, si kororo wa huko kwenu! Kama ndege ni wawili, miiko ni miwili. Na kama miiko ni miwili, wewe na Justa si ndugu.

Sasa nikuambie na lile lisilopendeza. Nilimwuliza Sista Kandida anayetufundisha habari za viumbe. Akasema, "Digna, ndege wa namna moja anaweza kuvaa mavazi tofauti katika kila nchi. Kororo ni mmoja." Nikasema, "Lakini Sista, shingo!" Akasema, "Wewe na Rosa mna pua moja? Na nyote si watu?" Darasa zima likacheka.

Nilitamani sana aseme ni wawili. Mtazame tena vizuri, kaka, uniambie.

Mdogo wako,
Digna

*

Kambi ya Mbao,
15 Machi 1956

Mdogo wangu Digna,

Marahaba, na Mungu akubariki mara zote ulizofagia kanisa. Hapa tu wazima, ingawa nyoka aliingia kwenye kibanda na Donati akalala kwenye lori.

Nimetazama. Ni kama nilivyosema. Mimi sikumgusa, ila Donati alitega, akala nyama yote peke yake akinisifia utamu wake makusudi. Ngozi ya shingo nimeikausha kwa jivu. Imo ndani ya kopo la sigara ambalo dereva atakupa. Ukienda likizo ya Pasaka mpelekee Baba, na Shangazi Tekla awepo, maana mambo ya ukoo anayajua kuliko Baba.

Nakuomba neno moja. Aliyosema Sista yaache huko huko shuleni. Sista hajaposa kwa Mzee Leodegar.

Tangu barua yako nimeweza kulala.

Kaka yako,
Fulgensi

*

Ifakara,
22 Aprili 1956

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mto ulikuwa umemeza mbuga yote, kivuko kimesimama, nasi wanafunzi wa ng'ambo tukazuiwa huko mpaka juzi. Nimevuka kwa mtumbwi wa Mzee Eustaki, nikichota maji ndani yake kwa kopo lile lile la sigara. Nyumbani wote hawajambo. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula mboga.

Sasa sikiliza mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Niliweka ngozi mbele ya Baba na Shangazi Tekla. Baba hakuishika, aliigeuza kwa kijiti. Shangazi akainama karibu, akaanza kucheka. "Yuu! Huyu amevaa leso nyekundu! Huyu ni wa harusini." Baba akasema polepole, "Huyu siye tuliyeachiwa na wazee." Kaka, nilihisi miguu yangu inataka kucheza.

Lakini Baba akanitazama. Akaniuliza, "Na hao waliokusomesha, wanasemaje?"

Ningeweza kusema sikuwauliza. Nilifungua kinywa niseme hivyo. Nikasema, "Sista anasema ni mmoja, ila mavazi ni tofauti."

Shangazi akapiga paja. "Mtoto huyu! Nani amekutuma?"

Baba akatoka nje. Tukasikia anapasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba. Aliporudi alikuwa na jasho. Akasema, "Kitabu kinamtazama ndege. Mimi namtazama mtu. Kama ni wawili, basi Leodegar aweza kula wetu, nami naweza kula wake, na hakuna kitakachotudhuru. Mtu hawezi kulidanganya koo lake mwenyewe. Mwandikie Fulgensi amwulize mzee huyo: yuko tayari tuketi tule?"

Shangazi akasema, "Wewe Kasmiri ule kororo? Wewe uliyetapika kwa kuonja mchuzi uliopikwa kwenye chungu chake?"

Baba akasema, "Nitakula." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Nisamehe, kaka. Nilifikiri: nikinyamaza, nitakaa harusini kwako nikicheka, kisha kila mtoto wako akiugua nitaogopa. Siwezi kuwa shangazi wa namna hiyo.

Mdogo wako,
Digna

*

Kambi ya Mbao,
13 Mei 1956

Digna,

Marahaba. Mimi mzima. Sikujibu upesi kwa sababu nilikukasirikia, nikaichana barua moja, nikaichana na ya pili. Karatasi zimekwisha, basi nimekusamehe.

Nimekwenda kwa Mzee Leodegar. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni. "Mimi nimwogope kororo wa ng'ambo? Mlete! Ndege asiyemjua mama yangu ni kitoweo tu."

Justa alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua macho, lakini ungo ulisimama.

Wamekubaliana tuketi tule baada ya mavuno ya mpunga. Mtu wa mkonge alikuja, nikamwambia apite mwaka mwingine.

Kaka yako,
Fulgensi

*

Ifakara,
17 Juni 1956

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii ni fupi, lori linanguruma nje. Mimi sijambo.

Baba amepita leo asubuhi na tenga, anakuja kwenu. Nilichungulia ndani. Ni yeye: shingo nyeusi, koo la samawati, anachungulia na yeye kwa jicho jekundu. Wasichana walimzunguka wakimwuliza Baba, "Mzee, unamuuza?" Akasema, "Huyu hauzwi, huyu ni shahidi."

Kisha akanivuta kando, akaniuliza taratibu kama mtu anayeuliza bei: "Mwanangu, nyama yake inafanana na ya kuku?" Nikamwambia wenzangu wanasema ni tamu zaidi. Akatikisa kichwa, akaenda.

Nimemwomba Sista ruhusa ya kubaki kanisani. Hakuniuliza kwa nini. Nitasikia lini? Niandikie siku hiyo hiyo!

Mdogo wako,
Digna

*

Kambi ya Mbao,
1 Julai 1956

Mdogo wangu Digna,

Marahaba. Najua umesubiri. Nakuandikia yote mara moja, maana sitayarudia.

Donati ndiye aliyepika, kwa kuwa kwake ndege wote ni sawa. Alipika vyungu viwili uani kwa Mzee Leodegar, akavifunika majani tofauti asikosee. "Leo mimi ni padre na hakimu," akasema, watu wakacheka. Safari hii nami niliitwa niketi. Justa alisimama mlangoni.

Baba alianza. Aliwekewa paja la yule mwenye koo jekundu. Alilishika kwa muda mrefu, jasho likimtoka puani. Mzee Leodegar akamtania, "Mkwe, huyo amekwishakufa, hakuumi." Baba akafanya ishara ya msalaba, akauma. Akatafuna. Akameza. Tulimtazama kooni, sote, kama watoto. Akasema, "Kumbe ndivyo alivyo," akauma tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Digna, mimi nilikuwa nimekwishaoa hapo.

Ikawa zamu ya Mzee Leodegar. Donati akafunua chungu cha pili, na kwa utani wake akaweka ngozi ya shingo, ukanda mweusi, kando ya sahani. "Ili umjue unayemla," akasema.

Mzee hakuwahi kumwona kabla. Aliinua nyama akicheka, akaitazama ile shingo, akaacha kucheka. Alipeleka nyama mdomoni. Ikafika hapa, kwenye mdomo wa chini. Mkono ukashuka. Akainua tena. Ukashuka. Mkewe akasema, "Baba Justa, kula basi." Yeye akaanza kulia.

Akasema, "Mama yangu alizaliwa ng'ambo. Walivuka wakati wa vita vya zamani, kabla ya Wajerumani, yeye amebebwa mgongoni. Alikuwa akituimbia, ndege wetu mwenye shingo ya usiku. Sisi tulidhani ni wimbo wa kulaza watoto. Huku hapakuwa na mwenye shingo nyeusi, wakamheshimu huyu wa huku, aliyefanana naye isipokuwa shingo, kwa kumkumbuka yule. Mimi ni mtoto wa yule. Siwezi kumla."

Baba alinyanyuka na mikono yake yenye mafuta, akazunguka sahani, akamshika Mzee Leodegar mabegani. Akamwuliza jina la mama wa mama yake. Alipolisikia akaketi chini pale pale. Ni dada wa babu yake Baba, Digna, yule ambaye Shangazi Tekla husema alipotea na mtoto mgongoni wakati wa vita. Hakupotea. Alivuka mto tu.

Wazee wakakumbatiana wanalia na kucheka. Watu wakaja kunipa mkono, hawajui waseme pole au hongera.

Justa alikuja mpaka nilipokuwa. Akaniambia, "Nilikuuliza kisimani." Hakusema kwa ubaya. Kisha akaenda kuwasha moto, maana wageni walikuwa hawajala.

Nilikwenda kuoa, nikapata dada. Baba anafurahi. Sina haki ya kumchukia mtu yeyote, na hilo ndilo linalonichosha.

Wewe ulisema kweli. Nakuandikia hili ili usifagie kanisa kwa ajili yangu.

Kaka yako,
Fulgensi

*

Ifakara,
12 Agosti 1956

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Hii ni barua ya pili tangu ile yako, ya kwanza dereva ameirudisha. Anasema Donati sasa anapasua mbao na mtu mwingine, nawe ulipanda gari la mkonge bila kuaga. Donati amekuhifadhia blanketi.

Nimeipeleka hii posta ya Tanga kwa jina lako tu. Sista Kandida anasema mashamba ya mkonge ni mengi, lakini karani mwema anaweza kuitangaza. Kama unasomewa hii mbele za watu, mimi ni mdogo wako Digna na sina neno baya.

Mdogo wako,
Digna

*

Ifakara,
6 Januari 1957

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Natumaini u mzima. Sisi sote hatujambo.

Donati ameleta habari kwamba mtu aliyetoka huko alikuona shamba moja karibu na Muheza. Basi naandika tena, nikitumaini.

Noeli hii Mzee Leodegar alivuka na jamaa yake yote kuja nyumbani. Shangazi Tekla alimpeleka mahali mama yake alipozaliwa, pamebaki mawe ya jiko tu. Akaketi juu ya moja. Baba sasa hali hata yule mwenye koo jekundu. Anasema alikula mara moja kwa ajili yako, inatosha.

Justa alilala chumbani kwetu. Tulisuka nywele, hatukusema habari zako mpaka taa ilipozimwa. Ndipo akasema, "Mwandikie. Mwambie mimi sikukimbiwa, ila nimekosa kaka kabla sijamzoea." Amechumbiwa na fundi wa Kiberege anayekula kila kitu. Mzee Leodegar alimwuliza hilo kabla hata ya kumwuliza jina.

Mimi nimefaulu mtihani. Sista ameniuliza kama nataka kusomea ualimu. Nimesema nataka.

Kaka, sikuulizi kwa nini uliondoka, wala utarudi lini. Nakuuliza jambo dogo. Huko uliko, kama kuna msitu, kororo wana shingo gani? Niandikie hilo tu.

Mdogo wako,
Digna

*

Muheza,
3 Machi 1957

Mdogo wangu Digna,

Marahaba, mwalimu wangu. Nimezipokea zote mbili kwa pamoja. Mimi mzima. Mikono imekatwakatwa na mkonge ndiyo maana mwandiko ni huu.

Msitu upo, mlimani juu ya shamba. Kororo wa huku wana koo jekundu, madoa mpaka juu shingoni, kama wa Kiberege. Jumapili wenzangu walitega wakanipakulia. Wote walinitazama, maana nilikuwa na njaa na wao wanajua. Nikalisukuma bakuli. Nikawaambia, kwetu kuna nyumba iliyovuka mto, na watu wa nyumba hiyo hawamli huyu.

Mkataba wangu unaisha kabla ya vuli. Mwambie Donati asiliuze blanketi.

Msalimie Baba, na Mama, nakula mboga. Msalimie dada yetu Justa.

Kaka yako,
Fulgensi